Margeriti Mbele ya Duka

Mume wangu alifika Masisi akiwa kijana, akitokea upande wa Butembo na mzigo wa chumvi na sabuni, na wazo moja tu kuhusu udongo: udongo ni wa kazi. Usipoulima, jenga juu yake. Usipojenga, anika kitu. Nilipoolewa naye tayari alikuwa na duka kando ya barabara, na mbele ya duka kulikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi upana wa kitanda, ambacho alikuwa amekitengea simenti. Alisema siku moja gari la simenti litapanda kutoka Goma, mifuko itapangwa hapo, na watu wa milima yote watakuja kununua wajenge. Tuliingoja simenti. Vita ndivyo vilivyofika.

Mimi ni mtoto wa milima hiyohiyo. Mama yangu alipanda maharagwe mpaka kwenye kizingiti, ukitoka nje asubuhi unakanyaga majani. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba kupenda maua nilikunyonya kwake. Nilikuokota kwenye takataka.

Nyuma ya parokia kulikuwa na masera mmoja, mtawa wa kike mzee, mwembamba, anayetembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Alikuwa na bustani ya margeriti, zile nyeupe zenye jicho la njano katikati. Kila baada ya misimu kadhaa, mvua zikianza, alizichimbua zote, akazigawa, akapanda tena chache, na zilizobaki akazitupa nje ya ua. Siku hiyo nilikuwa natoka kuteka maji. Niliona lile rundo la mizizi likiwa bado na udongo wake, nikatua ndoo, nikaanza kuchagua.

“Mama, unaokota nini hapo?” Masera alikuwa amesimama upande wa pili wa ua. “Ile iko takataka.”

“Iko takataka ya kwenu, Masera. Kwetu itakuwa maua.”

Alinitazama juu ya miwani yake. “Basi ingia. Kama unaiba, uibe vizuri.”

Nikaingia, akanifundisha. Fungu la margeriti, alisema, linazeeka katikati. Pale katikati panakuwa pagumu kama kuni, hapatoi tena kitu, patupwe. Uchukue vitoto vya pembeni, vyenye mizizi yao wenyewe. Shimo lisiwe refu. Samadi ya ng’ombe iwe imeoza, si mbichi. Umwagilie mpaka mmea ushike, kisha uuache. Ua likinyauka ulikate mpaka chini kabisa. “Hii maua haiombake mambo mingi,” alisema. “Inaomba tu usiihurumie.”

Mume wangu alirudi jioni, akakuta ardhi ya simenti imechimbwa.

“Hii iko nini?”

“Margeriti.”

“Inazaa wakati gani?”

“Haizaake. Inatoa maua.”

“Na kisha maua?”

“Inakauka, tunakata, inatoa ingine.”

Alinisikiliza kama mtu anayepewa habari ya msiba na hataki kumkatiza msemaji. Kisha akaingia ndani. Tangu siku hiyo jina langu likawa Masera. Masera, watoto wako wanalia. Masera, bwana yako iko na njaa. Wateja waliipenda sana hiyo. Mwanamke mwenye mimba ya mtoto wa nne, anapima mawese kwenye chupa, na watu wanaingia dukani wakimwambia, “Bonjour, Masera.”

Mbuzi walianza kuja. Mume wangu alikata mianzi akazungushia uzio, akimweleza kila aliyepita kwamba anawalinda mbuzi wa watu wasije wakala sumu. Samadi niliiomba kwa wachungaji waliopitisha ng’ombe, na yeye aliipokea kwa heshima zote mbele yao, kisha wakiondoka ananiuliza kama hayo mavi nayo nitayawekea uzio.

Zilipochanua, zilichanua zote pamoja. Baridi ya Masisi inazifaa. Asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye mabonde, ungeziona zimesimama mbele ya duka letu kama sahani zimeanikwa baada ya arusi. Mume wangu alitoka, akazitazama, mikono nyuma.

“Sasa watu watafikiri hapa iko kaburi,” alisema.

Nilikasirika, lakini wiki hiyohiyo mzee mmoja, mteja wetu wa makayabo, wale samaki wa chumvi, alisimama mbele ya uzio, akavua kofia na kuuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

“Simenti yangu,” mume wangu alimjibu.

Miaka hiyo watu wenye bunduki walipita, wakarudi, wakabadilishana milima, na sisi wa barabarani tulijifunza kutouliza ni wa nani. Wakiingia dukani walichukua betri, sigara, sabuni, na mume wangu aliwapokea kwa sauti yake ya Jumapili, ile anayotumia kusoma somo la kwanza kanisani. Asubuhi moja likaja kundi. Vijana waliingia ndani. Mkubwa wao, mwanaume wa makamo mwenye mwili mkubwa na buti zisizolingana, hakuingia. Alisimama mbele ya margeriti.

“Hii ya nani?”

Mume wangu alininyooshea kidole bila kusita. Amenikana hivyo mara moja tu katika ndoa yetu, na sijamwacha asahau.

“Mama,” yule mkubwa akaniambia, “mi nataka hii. Nataka kupanda kwangu.”

Ningechukua jembe tu. Mtu yeyote mwenye akili angechukua jembe. Badala yake nikausikia mdomo wangu ukisema: “Papa, hii haichimbuliwake sasa. Jua iko kali, na iko inatoa maua. Ukiitosha leo itakufa mu njia. Urudie wakati mvua inaanza.”

Ndani ya duka, kijana aliyekuwa akifunga sabuni zetu kwenye shuka aliacha kufunga. Mume wangu, nyuma ya meza, alikuwa amefumba macho kabisa. Baadaye alidai alikuwa anasali, na kwamba alikuwa tayari amefika kwenye sehemu ya kuomba mke mwingine.

“Mvua inaanza wakati gani?” yule mkubwa aliuliza.

“Mwezi wa tisa.”

“Sawa.”

Wakaenda zao, na sabuni zetu mgongoni.

Mume wangu alitoka nje, akakaa kwenye kreti tupu ya bia. Halafu akasema, si kwangu, kwa barabara: “Batu wanabeba bunduki, na muke yangu anawapatia randevu ya mwezi wa tisa.”

Hadithi hiyo aliisimulia mpaka ikanenepa. Ilipofika kwa ndugu zake Butembo, nilikuwa nimewafukuza kwa ufagio.

Mwezi wa tisa yule mtu alirudi. Alikuja peke yake, asubuhi ya mvua nyembamba, bila bunduki, au aliiacha mahali. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu chini. Nani alimfundisha kutoboa matundu sijui. Mimi sikuwa nimemwambia. Alikaa kwenye kreti ya bia akanitazama nikichimbua fungu, nikilipasua kwa majembe mawili, nikitupa katikati. Aliuliza habari ya samadi mara mbili. Aliuliza kama kuku wataila margeriti.

“Na kama wananihamisha?” akasema.

“Unaichimbua, unaenda nayo. Haiogopake safari.”

Nilimpa kipande cha pembeni chenye mizizi mizuri. Sisemi alikuwa mtu mwema. Yale watu wake waliyofanya ng’ambo ya kilima niliyasikia kama kila mtu alivyoyasikia, na mmoja wa majirani zetu hakurudi kutoka huko. Nasema tu kwamba alilibeba lile kopo kwa mikono miwili, na kwamba mume wangu, aliyekuwa amejificha nyuma ya magunia ya chumvi tangu mwanzo, alitoka akamwambia safari njema kwa sauti ya Jumapili.

Kiangazi kilichofuata milio ya risasi ilisogea. Kwanza ilikuwa ya mbali, ya watu wengine; halafu ikawa kwenye kilima kinachotazama duka. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa. Mume wangu akaamua tushuke upande wa Walikale, mpaka Itebero, ambako alikuwa na rafiki, mwindaji mmoja, aliyempokelea mizigo yake alipokuwa akituma makayabo kwa wachimba madini wa Bisie.

“Beba chakula, mablanketi, sufuria,” alituambia. “Kitu yenye haikulikake inabaki.”

Hapo aliniangalia. Mimi sikuangalia mbele ya duka. Nilimfunga mtoto mdogo mgongoni, nikawashika wengine, nikatangulia na majirani. Yeye alisema anafunga duka, atatukuta. Duka lilikuwa na mlango mmoja na kufuli moja, lakini alichukua muda wa mtu anayefunga kanisa kuu. Nilianza kuogopa. Tulikuwa tumeshavuka bonde la kwanza alipotokea nyuma yetu, anahema, na gunia dogo begani.

Tulipopumzika kwenye kijito niliona shati lake limechafuka udongo mgongo mzima.

“Mu gunia iko nini?”

“Chumvi.”

“Chumvi inatoa majani?”

Aligeuza shingo akaliangalia gunia kana kwamba ndilo lililomsaliti. Jani moja lilikuwa limechungulia kwenye tundu.

“Nakujuaka wewe,” alisema. “Ungelia mupaka Walikale. Nilipima machozi yako na hii, nikaona hii njo nyepesi.”

Nilicheka hadi watoto wakadhani naumwa. Nilicheka nikiwa nimekaa kwenye jiwe, na nyuma yetu moshi ulikuwa ukipanda, na sijui hata leo kama ulikuwa wa nyumba yetu au ya wengine.

Safari ilikuwa ndefu. Tulilala kwa watu, tukalala shuleni, tukaacha milima ya nyasi na ng’ombe tukaingia kwenye pori ambako mbingu unaiona vipande vipande. Kila kilima mume wangu alililalamikia lile gunia, na hakumpa mtu yeyote alibebe. Kila kijito alilitumbukiza kidogo majini. Nilimwuliza anafanya nini. Alisema anapoza bega.

Itebero tulipokewa na mke wa yule mwindaji, mama mwenye mikono mipana na macho yasiyopitwa na kitu. Alitupa chumba, akatupa chikwanga, mkate wao wa muhogo, akawaosha watoto wangu kama wake. Kisha akaliona gunia.

“Inakulikaka?”

“Hapana, dada.”

“Iko dawa?”

“Hapana.”

“Inafukuzaka nyoka?”

“Sizani.”

“Na mulibeba toka Masisi kwa miguu?”

“Papa njo alibeba.”

Akamgeukia mume wangu kwa huruma ya kweli. “Pole, shemeji.”

Mtu aliyenitania miaka kwa sababu ya margeriti sasa alionekana mbele ya watu wa Itebero kuwa yeye ndiye mwenye margeriti. Mwindaji, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na aliyeendelea kufuata mambo ya babu zake pamoja na ya kanisa, alizunguka mmea ule kwa mbali siku kadhaa, kisha akauliza taratibu kama ni wa marehemu wetu. Tulipomwambia hapana, alionekana kama tumemnyima heshima fulani aliyokuwa ameshaiandaa.

Tuliupanda nyuma ya jiko, kando ya migomba. Na hapo margeriti ikashangaa. Kule kwetu ilizoea ukungu na upepo. Huku ilipata joto, na mvua inayopiga kila alasiri kama mtu anayedai mlango ufunguliwe. Ikatoa majani. Majani, majani, mapana na laini, yamejazana hadi yale ya chini yanaoza, na hakuna hata dalili ya ua. Konokono walikuja kutoka pori zima. Nilimkuta mume wangu mapema asubuhi amechuchumaa, anawatoa kwa kijiti na kuwatia kwenye kopo. Aliponiona alisema alikuwa anatafuta kifungo cha shati.

Mwenyeji wetu hakutusaidia. Kila asubuhi, akipita na jungu lake, aliuliza: “Imeamuka?”

“Bado, dada.”

“Labda iko na haya. Inaona bageni mingi.”

Na mume wangu, aliyekuwa ameketi akinoa panga, alijibu kwa sauti ya mwalimu: “Hii maua ni ya baridi, mama. Inaomba tu usiihurumie.” Maneno ya yule masera, neno kwa neno. Nilikuwa nimemweleza mara moja, miaka ile ya mwanzo, na wakati huo alijifanya amelala.

Miezi ilipita hivyo. Tulilima na wenyeji wetu, tukajifunza njia za mashamba, watoto wakaanza kuongea kama watoto wa hapo. Siku moja nilirudi kutoka mtoni nikakuta margeriti imekatwa chini kabisa. Vishina tu. Nilifikiri ni mbuzi, nikamtafuta mbuzi huyo kwa fimbo, nikakumbuka nyumba ile haina mbuzi.

Jioni tulikula sombe, mboga ya majani ya muhogo. Ilipikwa vizuri, mawese yanang’aa, na samaki wa kuvuta ndani. Mume wangu aliongeza, kisha akaongeza tena.

“Mama,” akasema, “sombe ya leo iko na kitu.”

“Njo maua yenu,” mwenyeji wetu alijibu, akiendelea kula.

Mume wangu alikuwa na tonge la bugali hewani.

“Nilichoka kungojea,” mama yule aliendelea. “Nikasema, kama haitaki kupendeza, tuipike. Iko chungu kidogo. Ao munaonaje?”

Mume wangu aliniangalia mimi. Aliangalia sufuria. Kisha akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole, akameza.

“Kumbe inakulikaka,” aliniambia. “Masera, miaka yote hii ulinificha.”

Wote walicheka, hata mwindaji. Mimi niliweka sahani yangu chini nikatoka. Nililia kando ya migomba, kilio kikubwa ambacho kilinishangaza mwenyewe. Nilikuwa nimeacha nyumba, nimeacha kilima chenye kaburi la mama yangu, na kwa hayo sikuwa nimetoa chozi njiani wala baadaye. Sasa nalilia mboga.

Mwenyeji wetu alinifuata akakaa karibu nami kwenye shina lililoanguka. Nilidhani ataomba msamaha. Hakuomba.

“Lia tu,” alisema. “Sisi wakati tulikimbiaka mu pori mara ya kwanza, tuliacha vyote. Mimi nililia kuku. Kuku moja. Haikukuwa hata ya kunenepa.”

“Ulilia siku ngapi?”

“Mupaka bwana yangu akaleta ingine. Ile nayo nilikuwa naichukia.”

Nikaanza kucheka nikiwa bado nalia, na ni jambo baya kwa pua. Alinipa ncha ya kitenge chake. Tulikaa pale hadi mume wangu alipokuja kutuambia, akiwa amesimama mbali kidogo kwa usalama wake, kwamba sombe yangu ameilinda, hajaigusa. Alikuwa ameigusa.

Sasa, jambo ambalo lilitokea baada ya hapo, mwenyeji wetu alijipa sifa zake zote, na kusema kweli zilikuwa haki yake. Kukatwa kule kuliisaidia margeriti. Majani yaliyooza yaliondoka, hewa ikapita, na vikatoka vichipukizi vifupi, vigumu, vya kijani kilichokolea, kama vya Masisi. Mimi ndiye niliyefundishwa kwamba isihurumiwe, na mimi ndiye niliyeihurumia, kwa sababu ilikuwa imetoka nyumbani. Yeye hakuwa na sababu ya kuihurumia. Alikuwa na njaa tu ya mboga.

Mvua zilipopungua, kwenye kichipukizi kimoja kikatokea kitumba cha ua. Tulikitazama siku nyingi. Kisha kikafunguka: ua moja, jeupe, jicho la njano, la ukubwa wa kifuniko cha soda.

Mwenyeji wetu aliinama, mikono magotini, akaliangalia kwa makini.

“Njo hii?”

“Njo hii, dada.”

“Kadogo hivi?”

“Kule kwetu inakuwaka kama kiganja,” mume wangu alisema haraka. “Kiganja ya muntu mukubwa.”

“Milima ile yote, na konokono yote ile, juu ya hii.” Akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye udongo. Lakini alasiri hiyo niliona amezungusha vijiti kulizuia lisiangushwe na kuku, na kesho yake jirani baada ya jirani alikuja nyuma ya jiko. Aliwasimamisha mbali. Aliwaeleza kwamba hili ni ua la baridi, linatoka Masisi, linaogopa watu, na kwamba lilikataa kutoka mpaka yeye alipolishughulikia. Mwindaji alikuja wa mwisho. Alilitazama muda mrefu kisha akasema linafanana na jicho la mnyama fulani mdogo wa huko ndani, akataja jina ambalo sijalisikia tena, na akaondoka ameridhika.

Tuliposikia kwamba Masisi kumetulia, angalau kwa kupumua, tulianza kufunga vitu. Nikiwa nakunja nguo, nilisikia panga likipiga nyuma ya jiko. Mwenyeji wetu alikuwa ameshaligawa fungu peke yake. Sehemu ndogo aliifunga kwenye jani la mgomba akanipa. Sehemu kubwa ilikuwa imerudi ardhini.

“Dada, umejipatia mingi,” nilimwambia.

“Yako inarudia kwa baridi, itakuwa na kazi mwepesi. Yangu inabaki huku na kazi nguvu. Lazima ikuwe mingi.”

Tulikumbatiana, na aliwalilia watoto wangu waziwazi, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao. Mume wangu alilichukua lile jani la mgomba kabla sijaomba, akaliweka juu ya mzigo wake, na safari hiyo hakumwambia mtu kwamba ni chumvi.

Duka tulilikuta bila mlango, bila rafu, na mabati ya upande mmoja yamekwenda. Mbele yake, kwenye kile kipande cha ardhi, kulikuwa na maharagwe yaliyostawi ajabu. Aliyeyapanda alikuwa mjane mmoja aliyekuwa amejihifadhi kwenye chumba chetu cha nyuma baada ya kijiji chake kuungua. Aliogopa tutamfukuza. Mume wangu aliyapita maharagwe yale mstari kwa mstari, akapapasa maganda, na usoni alikuwa na furaha ya mtu aliyeona ukweli wake umetetewa.

“Mwishowe,” aliniambia, “mutu mwenye akili alifika hapa.”

Yule mjane alibaki nasi mpaka alipopata pa kwenda, na maharagwe tulikula pamoja. Baada ya mavuno tukabishana. Mimi nilitaka margeriti ziwe fungu la duara, kama alivyopanda masera. Mume wangu alitaka mstari, kwa sababu simenti ikija mstari hauchukui nafasi. Nilikuwa na hoja nzuri zaidi. Yeye aliamka mapema zaidi. Ziko kwenye mstari.

Baada ya misimu miwili hivi, mchuuzi mmoja anayeshuka mara kwa mara upande wa Walikale alituletea salamu. Mama wa Itebero ni mzima, mwindaji wake anaumwa magoti, maua yapo. Majani yake anayaweka kwenye sombe siku za wageni wakubwa, na watu wanamwomba mbegu. Ua lenyewe hutoka kiangazi, moja au mawili, na alitaka kujua kama ni kweli kule kwetu linakuwa kama kiganja, au tulimwambia vile ili tusione haya.

Mume wangu alichagua ua mwenyewe. Alipita kwenye mstari asubuhi nzima akilinganisha na mkono wake, akakata lililo pana kuliko yote, akalikausha kati ya karatasi mbili za kufungia sabuni chini ya gunia la chumvi, akamkabidhi mchuuzi kwa maelekezo mengi kuliko aliyowahi kumpa kwa bidhaa yoyote.

Jibu lilipofika tulikuwa tunafungua duka. Mama wa Itebero alikuwa amelipokea, amelipima kwenye kiganja chake kipana mbele ya mashahidi, akawaonyesha majirani wote. Anatushukuru. Lakini anasema hilo si lile. Hilo ni ua lingine kabisa, lake ndilo la kweli, na tusijaribu tena kumdanganya mtu mzima. Mume wangu alikasirika hata hakufungua upande wa pili wa mlango. Siku nzima aliwahudumia wateja kupitia nusu, akimweleza kila mmoja ukubwa wa ua lile, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.